Mume Alisema "Uza Hayo Mahema", Akafungua Begi Kuyatetea, Akakuta Ameshayaua Mwenyewe

Kuna ugomvi wa ndoa ambao ukiusimulia kwa mashosti watacheka. Hauna mchepuko ndani yake, hauna mkopo uliofichwa, hauna hata simu iliyofungwa kwa namba za siri. Ni ugomvi wa kona. Kona moja tu ya chumba, pembeni ya dirisha, ambayo mtu mzima akilala chali na kunyoosha mikono anaimaliza.

Wanandoa hawa wanaishi Tabata, Dar es Salaam. Chumba, sebule, jiko la kujibanza na choo ndani. Mke ni mhasibu kwenye kampuni moja mjini. Mume anafanya mishe za kufunga kamera na intaneti majumbani kwa watu. Mwezi wa sita, mimba ya mke ikiwa na miezi saba, fundi seremala alipiga simu: kitanda cha mtoto kiko tayari, waje wamalizie hela wakichukue.

Sehemu pekee ya kukiweka ilikuwa ile kona. Na ile kona ilikuwa na wenyewe.

Kulikuwa na begi la mgongoni la lita 60. Hema la watu wawili. Mifuko miwili ya kulalia iliyokandamizwa kwenye vifuko vyake mpaka ikawa migumu kama mpira. Mabuti ya mlimani, fimbo za kutembelea, mkeka wa povu, koti la mvua, tochi za kichwani, jiko dogo la gesi na mitungi yake miwili. Juu ya vyote hivyo, lundo la nguo zinazosubiri pasi. Mume alikuwa analiita lundo lile "Kibo". Soksi zikipotea anauliza, "Umeangalia Kibo?"

Siku hiyo hakutania. Alisimama mlangoni, simu bado mkononi, akasema, "Mke wangu, uza hayo mahema. Mtoto atalala wapi?"

Mke alinyamaza kwa muda. Halafu akajibu kitu ambacho baadaye alikiri kilikuwa kikali mno: "Basi bora tuhame nyumba." Wakati kodi ya miezi sita ndiyo kwanza walikuwa wametoka kuilipa.

VITU VYENYEWE VILIPATIKANAJE

Dada huyu hakuingia dukani siku moja akatoka na kila kitu. Alivikusanya kwa miaka minne, kimoja kimoja, kama mtu anayejenga nyumba kwa mshahara. Hema alilipata mtumbani Karume, Ilala, baada ya kuamka saa kumi na moja alfajiri awahi wakati marobota yanafunguliwa. Mabuti aliyanunua Moshi kwa kijana anayebeba mizigo mlimani, ambaye naye alipewa na mgeni wake mwisho wa safari. Mfuko mmoja wa kulalia alibadilishana na rafiki yake kwa blenda.

Alianza na vilima vya Pugu, na grupu la WhatsApp la watu wanaotembea Jumamosi. Baadaye Uluguru, pale Morogoro, kupanda hadi Morningside kwenye lile jengo la zamani la Wajerumani. Kisha Meru. Kisha, mwaka mmoja kabla ya kuolewa, Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, kwenye moja ya zile safari za kuelekea Desemba 9, Sikukuu ya Uhuru. Alifika juu kabisa, mita 5,895. Picha aliyopiga pale, midomo imepasuka kwa baridi, ndiyo DP yake mpaka leo.

Kwa hiyo alipoambiwa auze, hakusikia habari ya hema. Alisikia kwamba yule dada wa kwenye DP ameshaondoka na hatarudi. Na hakuwa anasikia kwa mume peke yake. Mawifi walishasema kwenye simu, tena kwa sauti ya kusikika, "Mama mtoto anapanda milima inamsaidia nini?" Kazini wenzake walishamtania kwamba kuanzia sasa mlima wake ni ngazi za kliniki.

Akajiwekea mpango. Jumapili mume akiwa kwenye mechi, atafungua kila kitu, atakipanga vizuri, atakipiga picha. Mume akirudi atakuta vitu vizima, visafi, vya thamani, na ataona aibu mwenyewe.

JUMAPILI YA KUFUNGUA

Alianza na hema, maana ndilo alilokuwa analipenda zaidi. Alipolegeza kamba ya mfuko wake, harufu ilitoka kabla hema halijatoka. Harufu ya kitu kilichochacha, kama matapishi ya mtoto yaliyokaukia kwenye zulia. Akalivuta. Kitambaa kilikuwa na madoa meusi ya ukungu, na sakafu yake ilikuwa imejigandia yenyewe. Kila alipoitenganisha ilitoa mlio wa plasta inayobanduliwa, na utando wa ndani, ule unaozuia maji, ukamwachia vidole vinavyonata.

Akakumbuka. Aprili ya mwaka uliopita, masika yenyewe, walilala Uluguru na mvua ikapiga usiku kucha. Asubuhi walikunja hema likiwa linachuruzika. Alifika nyumbani Jumapili saa tatu usiku, kesho yake kazini kulikuwa na hesabu za kufunga mwezi. Akalitupa pale kwenye kona akasema, "Kesho nitalianika."

Hiyo kesho ilichukua miezi kumi na minne.

Akavuta mabuti. Kwa juu yalikuwa mazima, ngozi haina hata mkunjo. Akavaa la kulia, akasimama, akasikia kitu kinasagika. Soli ilimeguka kama andazi la juzi, ikabaki unga mweusi sakafuni. Watu wengi hawajui hili: soli za mabuti mengi ya mlimani zina tabaka la povu la plastiki katikati, na povu hilo huliwa polepole na unyevu wa hewa, hasa penye joto. Na halisubiri utembee. Likikaa miaka bila kutumika, tena kwenye hewa ya Dar, linajifia lenyewe ndani ya boksi huku kwa nje kiatu kinang'aa.

Hapo ndipo alipokaa chini. Kwenye ule mlima wa Meru, kaka mmoja wa grupu lao aliwahi kung'okewa soli wakati wa kushuka. Walimfunga kiatu kwa kamba ya hema, akateremka akichechemea mpaka giza likawakuta njiani, wote, kwa sababu mmoja hawezi kuachwa. Walicheka sana baadaye. Wakati ule hakuna aliyecheka. Sasa fikiria hiyo soli inameguka usiku wa kupanda kilele, juu ya Kibo, kwenye changarawe na baridi inayogandisha maji ndani ya chupa.

Vingine alivifungua haraka haraka, kama mtu anayesoma majibu ya mtihani aliokwisha kujua amefeli. Mfuko wa kulalia ulitoka bapa. Joto la mfuko ule halitoki kwenye kitambaa, linatoka kwenye hewa inayokaa katikati ya vipamba vyake, na vipamba vilivyobanwa zaidi ya mwaka vilikuwa vimesahau kujaa. Betri zilizoachwa ndani ya tochi zilikuwa zimevuja unga mweupe wa kijani, zikala vyuma. Mtungi mmoja wa gesi ulikuwa umeota kutu kwenye shingo, na ulikuwa umekaa chini ya dirisha, penye jua la mchana, mahali pale pale ambapo kichwa cha mtoto kingelala.

Mume alirudi saa kumi na mbili jioni, timu yake imeshinda. Akamkuta mkewe amekaa sakafuni katikati ya vitu, tumbo mbele, analia bila sauti.

"Nani kafa?" akauliza.

"Nimegombana na wewe wiki nzima," mke akasema, "kwa ajili ya vitu ambavyo sijavigusa mwaka mzima."

KUMBE HAIKUWA KONA

Hapo mume alikuwa na nafasi nzuri kuliko zote ya kusema "si nilikwambia?" Wanaume wangapi wangeiacha ipite? Yeye alivua viatu, akakaa naye chini, akaanza kuokota unga wa soli kwa kadi ya vocha.

Halafu akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema. Ule usiku wa Kilimanjaro, walipokuwa bado wachumba, simu ya mke ilipatikana mara ya mwisho saa mbili usiku. Alimwambia wanaanza kupanda usiku wa manane. Baada ya hapo kimya. Baridi ya kule inaua betri ya simu hata kama ulipanda nayo imejaa. Mume hakujua hilo. Alikaa Tabata kwenye kochi mpaka kukakucha, akaenda kazini, akaunganisha waya vibaya kwa mteja, akarudi kukaa tena. Simu iliita saa kumi jioni. Mke alikuwa anapiga kelele za furaha, amefika, ameshashuka. Jamaa alijibu "hongera bebi" kama kawaida, akakata simu, akatapika.

"Kona sio tatizo," alisema. "Nikiliona lile begi naona usiku ule. Na safari hii mko wawili."

Mke hakuwa na jibu. Miaka yote alidhani mume wake hapendi milima kwa sababu ni mvivu wa kutembea.

Usiku huo hawakuamua chochote. Walifungua madirisha harufu itoke, mtungi wenye kutu wakautoa nje kwenye kivuli, wakalala.

MAMA MKWE NA MBEGU ZA DARINI

Wiki mbili baadaye mama mkwe akaja kutoka Lushoto kumsubiri mjukuu. Mke aliogopa. Alijua vitu vile sasa vinapelekwa jalalani, tena kwa maneno.

Mama aliingia chumbani, akaangalia lundo, akauliza swali moja: "Hivi vya msimu gani, mwanangu?"

"Vya kiangazi, mama. Na Desemba kidogo."

"Mbona vimekaa chini?"

Akaeleza. Kwao milimani, mahindi ya mbegu hayachanganywi na ya kula. Yanachaguliwa yaliyo mazuri, yanafungwa kwa maganda yake, yanatundikwa juu ya jiko. Moshi unafukuza wadudu, joto linakausha. Na kila siku mwenye nyumba akikoka moto anayaona.

"Mbegu huiweki mahali pa kujificha," alisema. "Ukiificha, utaisahau au utakuta imeliwa. Na iliyooza hutundiki. Toa."

Mama hakuulizwa kama mkwe wake bado ni mtu wa kupanda mlima. Aliongea kama jambo hilo halina mjadala: kuna msimu wa kulima na kuna msimu wa kuhifadhi, na huyu binti yuko kwenye msimu wa kuhifadhi.

Siku hiyo hiyo walitenganisha mafungu matatu. Vilivyokufa: hema, mabuti, tochi moja, dawa zilizopitwa na muda kwenye kiboksi cha huduma ya kwanza. Nguzo na vigingi vya hema walivibakiza, kitambaa mama akakidai akafunikie kuni. Vya kuuza au kugawa: begi dogo lililokuwa linafanana na lingine, sufuria za ziada, mkeka wa pili. Vya kubaki: vilivyosalia, na havikuwa vingi. Kibo ilikuwa imejaa zaidi nguo za pasi kuliko vifaa.

Mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe hata msumari mmoja. Kwa hiyo mume, ambaye kazi yake ni kupima kuta za watu, alichukua futi, akapima nafasi iliyo nyuma ya mlango wa sebule, akaenda kwa fundi wa kuchomelea. Fundi akawatengenezea stendi nyembamba ya bomba za mraba, inasimama yenyewe, juu ina kulabu sita, chini ina rafu mbili. Haikuchukua hata nusu ya nafasi ya kochi.

Mpangilio wake unaeleweka kwa kuuangalia. Juu kabisa unaning'inia mfuko wa kulalia, umelegezwa ndani ya foronya kubwa ya pamba, unapumua. Ule wa kubana unatumika siku ya safari tu. Pembeni yake koti la mvua, kwenye hanga, halijakunjwa. Begi la lita 60 linaning'inia likiwa tupu, zipu wazi. Mfuko wa maji ya kunywa uko kichwa chini, mdomo umeshikizwa wazi kwa kijiti, usiote utelezi ndani. Rafu ya kati ina ndoo moja ya plastiki yenye mfuniko: tochi na betri zake zikiwa mbalimbali, kamba, kisu, kiberiti, na vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, ambavyo watu hutupa wakati kazi yake ni kunyonya unyevu. Rafu ya chini ni ya viatu, vimejazwa magazeti. Mtungi wa gesi uliobaki haulali ndani tena. Unakaa kwenye kibaraza cha nyuma, juu, penye kivuli na hewa, mbali na jiko, na mtoto hataufikia.

Kona ya dirisha ikabaki wazi. Kitanda cha mtoto kikaingia.

KARATASI NYUMA YA MLANGO

Ila stendi haikuondoa ule usiku wa kwenye kochi. Hilo walilimaliza kwa karatasi moja, iliyobandikwa nyuma ya mlango, pembeni ya vifaa. Upande mmoja ni orodha ya kukagua kabla ya safari: soli zibonyezwe na zikunjwe, hema lifunguliwe lote, tochi iwashwe, dawa zisomwe tarehe. Upande wa pili aliandika mke kwa mkono wake: njia gani, anakwenda na nani, namba ya kiongozi, saa ngapi atapiga, na kama asipopiga mpaka saa ngapi ndipo watu waanze kuulizia. Betri ya akiba ya simu inakaa ndani ya soksi, katikati ya nguo, ili baridi isiile.

Mume alisoma ile karatasi mara mbili. Akaongeza mstari mmoja chini: "Hakuna safari ya peke yako."

Mke akaweka tiki.

Mtoto alizaliwa mwezi wa nane, wa kike, kilo tatu na kitu. Kwa miezi mitatu hakuna aliyegusa stendi isipokuwa kupangusa vumbi. Lakini kila mtu aliyekuwa anafungua mlango wa sebule alikuwa anaiona. Wageni waliokuja kumwona mtoto walikuwa wanauliza, "Bado unapanda?" Na mke alikuwa anajibu, "Nimepumzika." Kabla ya hapo alikuwa anajibu, "Nilikuwa napanda."

Mwezi wa kumi na moja, Jumamosi moja, mume aliamka saa kumi na moja alfajiri bila kusema anakokwenda. Alirudi saa tatu na hema la mtumba kutoka Karume. Hakununua la kwanza aliloonyeshwa. Alikuwa anayafungua yote, ananusa, anapitisha kiganja upande wa ndani. Linalonata analirudisha. Muuzaji alimuuliza kama ni polisi.

Desemba walipanda basi kwenda Lushoto kumpeleka mtoto kwa bibi yake. Hema walilisimamisha uani, hatua kumi kutoka jikoni kwa mama. Mtoto alilala ndani na bibi, kwenye blanketi. Mume na mke walilala nje. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mume kulala kwenye hema maishani mwake, na usiku mvua ya vuli ikanyesha ya kutosha. Saa nane alimwamsha mkewe akamwambia, "Kumbe inasikika hivi." Mke akamwambia alale.

Walirudi Tabata Jumapili saa tatu usiku. Basi lilikuwa limewachelewesha, mtoto analia, kesho kazi. Mke alikwenda moja kwa moja kumnyonyesha, na kutoka chumbani akasikia viti vinasogezwa sebuleni.

Alipotoka alikuta kamba imefungwa kutoka dirishani hadi kwenye stendi, feni imewashwa mpaka mwisho, na hema limetandazwa juu ya kochi, juu ya meza, juu ya televisheni. Linadondosha maji kwenye beseni la mtoto. Mume amesimama katikati na suruali ya safari, anapangusa vigingi kimoja kimoja kwa kitambaa.

"Acha bwana, umechoka," mke akamwambia. "Utaanika kesho."

"Kesho ipi?" mume akauliza, akaendelea kupangusa.

Na wewe unayesoma hapa, pale kwenye kona ya chumba chako, ni kitu gani kinaisubiri hiyo kesho?